Tabasamu la Gloria halikuwa uongo

Kila aliyepita darasa la unasihi ameiona filamu ile, kwa hiyo sitaisimulia upya. Carl Rogers, Fritz Perls na Albert Ellis, mwanamke mmoja aitwaye Gloria, kamera, nusu saa au pungufu kwa kila mtaalamu. Ilirekodiwa Marekani mwaka 1964, Everett Shostrom akaitoa 1965, na mpaka leo wakufunzi wetu wanaiwasha muhula ukianza. Nimeitazama mara nyingi, na kila nikifika mahali palepale natamani kuinuka nizime projekta. Gloria ameketi mbele ya Perls. Anasema anaogopa, na anasema hivyo huku akitabasamu. Perls anamkatia hukumu papo hapo: mtu anayeogopa hatabasamu, kwa hiyo huyu haogopi. Haupiti muda, anamwambia usoni kwamba anaigiza.

Ulikuwa uamuzi mbovu. Safu hii ya leo nitaitumia karibu yote hapo, maana ndio uamuzi tunaowarithisha vijana wetu bila kuwaambia kwamba ni mbovu.

Turudishe mkanda polepole. Tunapopima hali ya akili ya mteja tunatenganisha mambo mawili: hisia anayoitaja kwa kinywa chake, na hisia tunayoiona usoni na mwilini mwake. Zisipolingana, unaandika kwamba hazilingani. Kazi ya macho imeishia hapo. Hujapata jibu bado, umepata swali. Tabasamu juu ya hofu linaweza kuwa haya. Linaweza kuwa woga wa taa na kamera, au adabu mbele ya mzee: Perls alikuwa na umri wa miaka 70 hivi, Gloria 30 hivi. Linaweza kuwa njia aliyojifunza utotoni ya kumtuliza mkubwa mwenye hasira. Linaweza pia kuwa kuficha, sikatai. Lakini kila dhana kati ya hizo ina swali lake la kuipima, na Perls hakupima hata moja. Aliona, akahukumu, akaanza kutibu alichokihukumu. Ile hatua ya katikati, ya kuunda picha ya tatizo (limetokana na nini, nini kimelichochea sasa, nini kinaliendeleza, mteja ana kinga gani), aliiruka kama mtu anayeruka mfereji.

Walimu wa Gestalt, shule ya Perls, wataniambia kwamba mbinu yao haina fomu za kumpokea mteja, kwamba tathmini yao ni kile kinachotokea sasa hivi kati ya watu wawili. Naijua hoja hiyo na ninaiheshimu. Ndiyo sababu nasema Perls aliivunja mbinu yake mwenyewe. Kilichokuwa kikitokea sasa hivi ni kwamba mwanamke alikuwa anaogopa mbele ya mwanamume mashuhuri, na anajaribu kubaki kwenye kiti. Kushughulika na sasa hivi kungekuwa kumuuliza: hilo tabasamu linakufanyia kazi gani? Swali moja tu, kisha unanyamaza.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa msimamizi wa wanafunzi katika kliniki moja. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike. Aliingia mama mjane, wa umri kama miaka 60, kadi ya kliniki ameifunga kwenye ncha ya khanga. Akakubali mimi niketi pembeni. Alianza kueleza jinsi alivyomzika mumewe, na jinsi mashemeji walivyokuja kuuliza habari za shamba kabla ya arobaini kufika. Alipofika kwenye mashemeji akacheka kidogo, kile kicheko cha pumzi. Kijana wangu, mwenye adabu na bidii, alikuwa ameitazama filamu siku tatu kabla. Akainama mbele akasema, "Mama, mbona unacheka? Naona kama kuna kitu unaficha."

Yule mama alivuta upembe wa khanga mpaka mdomoni. Alikaa hivyo kitambo. "Sifichi kitu, mwanangu," akasema. Kisha akaifungua kadi, akaifunga tena, akainuka. "Basi, nashukuruni. Nimeshapoa."

Nilichelewa kuingilia, hilo ni kosa langu. Baada ya kikao nililifungua jalada. Kwenye tatizo kijana alikuwa ameandika "kukana huzuni". Kwenye mpango wa tiba: "Kumsaidia mteja kuukabili ukweli. Vikao 8." Fomu ilijaa kuanzia juu mpaka chini, lakini hapakuwa na neno kuhusu kama analala, kama anakula, nani yuko naye nyumbani usiku, wala kama amewahi kuona heri naye afe. Kikao cha pili hakikuwepo.

Hapa kwetu mtu hupokea mgeni kwa tabasamu hata msiba ukiwa ndani. Muulize mgonjwa habari zake, atajibu "nzuri", kisha ndipo aongeze "ila hii homa tu". Yule "ila" ndiye mlango. Mnasihi anayesimama kwenye "nzuri" na kumwita mteja mwongo amejifungia nje mwenyewe. Kwa kipimo cha Perls, nusu ya wateja wetu wameshindwa mtihani kabla hawajaketi vizuri.

Sasa tazama kinachouma zaidi, ambacho madarasani hatukisemi kwa sababu tunaonyesha vikao vitatu kama mashindano, nani bora, badala ya kuvisoma kama jalada moja. Kwa Rogers, Gloria analeta habari ya binti yake Pammy, wa miaka tisa, aliyemuuliza kama amelala na mwanamume tangu talaka. Alimdanganya, akasema hapana, na uongo huo unamtafuna. Kadiri kikao kinavyokwenda anafika mwenyewe kwa baba yake, na kumwambia Rogers kwamba angependa awe na baba kama yeye. Kwa Perls anazungumzia kona: akiogopa anatamani kujibanza konani kama mtoto mdogo, mahali pa salama. Kwa Ellis anaeleza kwamba mbele ya wanaume wanaomvutia na anaowaheshimu huingiwa na haya, hawezi kuwa yeye.

Viweke vipande hivyo vitatu mezani. Mtu anatafuta kukubaliwa na mwanamume mkubwa. Mbele ya mwanamume huyo anakuwa mdogo. Akiwa mdogo hatoi sura yake ya kweli. Tabasamu ndilo tatizo lenyewe lililomleta, limetokea hai, mbele ya macho, kwenye kiti cha Perls, na Perls ndiye yule mwanamume. Ni bahati ambayo mnasihi anaweza kuisubiri miezi. Mteja kamwonyesha ugonjwa bila kuombwa, naye akauita ulaghai. Hata ile kona, ambayo ni dhahabu, aliigusa kisha akarudi kwenye shutuma yake. Nani alikuwa anakuja kumtoa konani? Alikuwa anamkimbia nani? Ukipata majibu hayo mawili una nusu ya mpango wa tiba.

Ellis anasema haraka mno, lakini anatoka na tatizo lililotajwa, lengo, na kazi ya kwenda kuifanya nyumbani; hilo ni sawa.

Rogers ndiye kipimo changu, na najua wenzangu wananilaumu kwa hilo. Wananiambia: wewe unayepigia kelele tathmini, unamsifu vipi mtu aliyepinga uchunguzi wa kitaalamu waziwazi katika kitabu chake cha 1951? Alichopinga ni uchunguzi unaomweka mtaalamu juu na mteja chini, wenye jibu kabla ya kusikia. Itazameni kazi yake kwa saa mkononi. Hana fomu, hana dodoso, hajauliza maswali kumi, lakini mwishoni ana tatizo kwa maneno ya mteja, ana mgongano ulio chini ya tatizo (anataka awe mkweli kwa mtoto, na anaogopa mtoto akijua atamkataa), na ana uhusiano na baba. Kakusanya zaidi ya Perls na Ellis wakiwekwa pamoja. Gloria alimbana ampe jibu kuhusu Pammy, si mara moja, na Rogers hakutoa. Vijana wanaona hapo ni kukwepa. Mimi naona mtu anayekataa kuandika mpango wakati picha haijakamilika.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa muuguzi mstaafu wa afya ya akili, na alikuwa na daftari la mistari ambalo aliligawa kurasa mbili mbili. Ukurasa wa kushoto: nilichokiona na nilichokisikia. Wa kulia: ninachodhani. Wa kulia aliuandika kwa penseli. Mteja akitabasamu mahali pasipotarajiwa, iliingia kushoto, kwa wino: "katabasamu alipomtaja kaka yake." Huenda ikakaa hapo vikao vitatu kabla hajaigusa. Siku akiigusa alianza na shikamoo, akauliza wa nyumbani, kisha akasema, "Mama, siku ile ya kwanza uliponitajia kaka..." Sijapata kumwona mteja akimkimbia. Leo kijana wetu anapewa fomu ya kurasa sita, na ukurasa wa penseli haumo.

Nisieleweke kwamba nachukia madodoso. Nachukia madodoso yasiyojua mteja anasemaje. Mteja wangu hajawahi kuingia akasema ana sonona. Anasema "nina mawazo", na kila mtu hapa anajua uzito wa neno hilo. Wazimbabwe waliliona jambo hili mapema. Wao wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na dodoso la dalili la Kishona lililotengenezwa miaka ya 1990 lilijengwa juu ya maneno kama hayo ya watu wenyewe. Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006 Harare, akina bibi wahudumu wa afya wakalishika dodoso hilo la maswali 14. Bibi anauliza, swali la kutaka kujiua limo, akiona hatari anatoa rufaa. Kisha hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua akili: mteja anayataja matatizo yake yote, anachagua moja mwenyewe, na mpango unajengwa juu ya hilo moja. Jaribio lililochapishwa 2016 lilikuwa na watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi sita waliokaa kwenye benchi walikuwa na wastani wa alama 3.81 za dalili, wengine 8.90. Bibi wa Harare asiye na shahada anafuata mfululizo ambao Perls aliuruka: sikia, pima, angalia hatari, mwache achague, ndipo upange.

Na daktari wa akili Thomas Adeoye Lambo, kule Aro, Abeokuta, Nigeria, mwaka 1954, aliwapanga wagonjwa wakae vijijini pamoja na ndugu zao. Ukimpokea mgonjwa pamoja na ndugu, tathmini inaketi mezani na wewe: unamwona anavyoongea na mama yake, nani anamkatiza, nani anampa chakula kwanza. Sisi tunamwita mteja peke yake, tunafunga mlango, kisha tunalalamika kwamba hatoi taarifa.

Kuna hoja moja siwezi kuikwepa, kwa sababu wanafunzi hunyoosha mkono nayo kila mwaka. Shostrom alipomuuliza Gloria mwishoni, ni Perls aliyemtaja kuwa ndiye angemfaa zaidi kwa wakati ule. Basi mwalimu, kama mteja mwenyewe kamchagua?

Ndiyo, alimchagua, siku ileile, mbele ya kamera, akijibu swali la Shostrom, ambaye ndiye alikuwa mtaalamu wake wa tiba na ndiye mwenye filamu. Mkumbukeni tatizo lake lilikuwa nini mbele ya wanaume wa namna hiyo, kisha mpime uzito wa jibu hilo. Kikao kilichomkasirisha mtu kikamtikisa kinaweza kuhisika kama kikao kilichomsaidia, na ndiyo maana hatupimi tiba saa ileile mteja anapotoka mlangoni. Rogers aliandika mwaka 1984 kwamba mwaka mmoja hivi baadaye Gloria aliitazama tena filamu kwenye mkutano mmoja akakasirika, kwa sababu alijiona akifanya kila alichotaka Perls, akimkabidhi nguvu zake. Na Rogers waliendelea kuandikiana barua mpaka Gloria alipofariki mwaka 1979.

Kuhusu Perls, Gloria aliacha kumbukumbu ya namna nyingine. Alieleza kwamba siku ile kazi ya kurekodi ilipokwisha, Perls alimwashiria kwa mikono akunje viganja kama kikombe. Alivikunja bila hata kufikiri, na Perls akakung'utia humo majivu ya sigara yake.