Tasnifu na Riwaya: Kazi Mbili za Profesa Mmoja

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe, mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Alisoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwisho wa ualimu wake alikuwa profesa mshiriki katika Chuo Kikuu cha Botswana. Maandishi aliyoyaacha ni ya namna nyingi: tasnifu mbili, makala ya uhakiki, riwaya sita, vitabu vitatu vya mashairi, mchezo wa kuigiza na hadithi fupi. Wachunguzi wamezoea kugawana urithi huo kila mtu na fungu lake. Mwenye kuchunguza ushairi huchukua Kichomi, mwalimu wa fasihi huchukua Rosa Mistika, na tasnifu ya mwaka 1985 huachiwa watu wa falsafa, ambao kwa kawaida hawasomi riwaya za Kiswahili. Mgawanyo huo wafaa kwa kupanga vitabu katika rafu. Kwa kumfahamu mtungaji haufai, kwa sababu swali alilolishika katika tasnifu ndilo alilolishika katika riwaya, na majibu mawili aliyoyatoa hayalingani.

Tasnifu ya kwanza, ya mwaka 1976, yahusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Uchaguzi huo si wa bahati. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama asimama mbele ya baraza siku sita akieleza habari za wajumbe sita, na msomaji hatiwi shaka kwamba asemalo Karama ni kweli. Wazo latangulia, mtu ameumbwa ili alibebe. Majina nayo ni ya namna hiyo, kwani Utubora ni utu bora na Majivuno ni majivuno. Kezilahabi alipokea desturi hiyo ya majina, kisha akaipindua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) ni mtu ambaye tumaini lamwishia katika hukumu ya kifo. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ana moto katika fikira tu, na kazi yake ya mwisho ni kujiua. Mambosasa na Mamboleo wa Gamba la Nyoka (1979) wana majina yaliyo karibu sawa kwa maana, lakini njia zao ni mbili. Yafaa kuangalia tarehe hizi: riwaya mbili kati ya hizo tatu zilichapishwa kabla ya tasnifu ya Shaaban Robert kukamilika. Basi haisemeki kwamba mwalimu alichunguza kwanza, kisha msanii akatumia matokeo ya uchunguzi. Yamkini mambo yalikwenda kinyume, uhakiki ukaja kueleza ugomvi ambao riwaya ilikwisha kuuanza.

Juu ya Kichomi (1974) hapana haja ya kukawia, maana ugomvi wa vina na mizani umekwisha kuandikiwa mengi. Waliosimama upande wa sheria zilizoelezwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954 walikuwa na hoja yenye nguvu kuliko walivyosifiwa baadaye, na mashairi kadhaa ya kitabu hicho ni mepesi. Jambo moja tu ladai kukumbukwa hapa, nalo ni kwamba mshairi alitaka lugha ya mazungumzo ya kila siku iweze kubeba fikira nzito. Dai hilo ni la falsafa kama lilivyo la ushairi.

Tasnifu ya pili ilitolewa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985, nayo yahusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Imeandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake Kezilahabi apinga desturi ya falsafa ya Ulaya ya kumtenga mwenye kujua na kile kinachojulikana, kana kwamba mtu aweza kutoka nje ya dunia akaitazama kama atazamavyo kikombe mezani. Awalaumu pia wale waliojaribu kueleza falsafa ya Waafrika kwa kuikusanya kama vikusanywavyo vitu vya jumba la makumbusho. Atafuta uhakiki unaoanza katika hali yenyewe ya kuwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini yamtia mwenyewe katika shida, kwa kuwa tasnifu ni chombo kile kile anachokilaumu. Huko mwandishi hukaa upande mmoja na jambo upande wa pili.

Miaka michache baadaye zikatokea Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi mbili zisizofanana na chochote kilichotangulia katika Kiswahili. Hazina kijiji kinachojulikana wala tarehe, na wakati wenyewe haukai mahali pake. Msimulizi asafiri, akutana na wazee, aingia mahali na kutoka asijue kama ametoka. Jina la riwaya ya pili laeleza mengi, kwani mzingile ni njia za kuzungukazunguka zimpotezazo mtu, na Waswahili wa pwani wana mzingile mwambiji katika michezo na mafumbo yao. Aliye ndani ya mzingile haoni umbo lake. Hapo ndipo riwaya yatenda kile ambacho tasnifu yasema tu: msomaji hapewi mahali pa nje pa kusimama.

Lakini kuna jambo ambalo halijaangaliwa vya kutosha, nalo ni la lugha. Kiingereza chamruhusu mwanafalsafa aseme habari za kuwa kwa neno moja tu. Kiswahili hakimruhusu. Mtu asemapo kitu kiko, kipo au kimo, amekwisha kuchagua. Kuwako ni kuwa mahali pasipobainishwa, kuwapo ni kuwa mahali palipo dhahiri, kuwamo ni kuwa ndani ya kitu. Kuwa peke yake hudai kikamilisho, maana Mswahili akisikia “Mungu ni” hungoja neno la pili. Ili kusema kwamba Mungu hakukosekana, husema “Mungu yuko” au “Mungu yupo”. Yaani katika lugha hii hali ya kuwa haitengwi kwa urahisi na mahali pa kuwa. Hiyo ni hoja kubwa kwa upande wa Kezilahabi, labda kubwa kuliko zote alizozipata kwa wanafalsafa wa Ulaya, maana lugha yenyewe yakataa mtu aliye nje ya kila mahali. Tasnifu iliyoandikwa kwa Kiingereza haikulazimika kukutana nayo. Riwaya zakutana nayo kila ukurasa, kwa sababu haiwezekani kuandika Kiswahili bila hayo, ila zapita bila kusimama, kwani simulizi haina wajibu wa kueleza vitenzi vyake.

Basi yule mtu aliyeweza kuliko wengine kuandika nathari ya hoja ya falsafa kwa Kiswahili aliandika hoja yake kuu kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili akaandika njozi. Mtu aweza kumtetea kwamba njozi ndiyo iliyolingana na hoja, na utetezi huo ni wa haki. Hata hivyo Nagona yenyewe haijitoshelezi. Wanafikra kama Plato, Nietzsche, Darwin na Freud watajwa humo, na asiyekwisha kuwasoma kwingine apata majina tu. Fumbo linalofumbuliwa kwa vitabu vya lugha nyingine limepungukiwa na kitu. Katika Kichwamaji mambo si hivyo. Swali la kuwa lililo gumu vile vile laulizwa katika kijiji, katika nyumba, na mwisho katika mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa. Na neno la jina la kitabu lachukua ugonjwa na ujinga pamoja, ambavyo kila msomaji wa Kiswahili avitambua bila kamusi. Kwa kipimo hicho riwaya ya mwalimu kijana yaishinda ile ya daktari wa falsafa, ijapokuwa Mzingile, iliyo na majina machache na picha zilizo wazi zaidi, yakaribia kulipa deni.

Utaratibu wa vyuo vikuu wahusika kwa sehemu. Katika vyuo vingi mwalimu hupandishwa cheo kwa makala yaliyopimwa na wenzake, na riwaya huwekwa kando, au huhesabiwa kwa mashaka, kana kwamba ni kazi ya jioni. Kwa kipimo cha namna hiyo Kichwamaji si uchunguzi. Lakini anayetaka kujua Kiswahili kimefika wapi katika kufikiri juu ya kuwa na kutokuwa hapati makala yanayomfikisha mbali zaidi ya kitabu hicho. Naye atakayeifasiri tasnifu ya mwaka 1985 kwa Kiswahili atakwama katika kurasa za mwanzo, pale neno moja la Kiingereza litakapomtaka achague kati ya kuwa, kuwako, kuwapo na kuwamo, na huenda ikambidi avitumie vyote vinne.