Picha Isiyo na Mabaka

Ukitaka kujua kama picha ya harusi imepita mikononi mwa fundi, usianze na gauni wala macho ya bibi harusi. Anzia pale nuru inapoishia: chini ya kidevu, ubavuni mwa shingo, shavu lililogeukia gizani. Ngozi nyeusi haina mpaka kati ya mwanga na kivuli. Weusi unakolea kidogokidogo hadi jicho lishindwe kusema umeanzia wapi. Picha iliyoharibika huweka mpaka huo kwa nguvu.

Mimi nilionyeshwa kosa hilo na mama mmoja hapa Kisarawe. Sherehe ilikuwa ya usiku, taa za ukumbini hafifu, na kwa kuhofia kadi kujaa nilipiga JPEG tupu. Nyumbani nikapandisha vivuli kwenye kompyuta ili nyuso zionekane. Shangazi wa bibi harusi akaichukua picha, akaisogeza dirishani.

"Mwanangu, mbona huyu mtoto ana mabaka?"

"Ni taa za ukumbini, shangazi."

"Taa haziweki mabaka. Mimi nilikuwepo."

Alikuwa sahihi. Shavuni palikuwa na tabaka tatu za kahawia, kila moja na ukingo wake, kama tope lililokauka dimbwini.

Taa hazikuwa na hatia. Faili ya JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256 za nyekundu, 256 za kijani na 256 za bluu. Ukizidisha unapata rangi 16,777,216, na hesabu hiyo imewadanganya wengi, kwa sababu shavu lililo kivulini halipati milioni hizo. Huenda likapata ngazi ishirini tu. Ukizinyoosha zijaze nafasi ya ngazi sitini, hakuna cha kuweka katikati. Fungua histogramu, mchoro wa ngazi hizo, utaona chanuo lililong'oka meno. Kwangu hiyo ni dalili ya kwanza kwamba kazi imevutwa kupita uwezo wa faili.

Faili ghafi ya kamera huwa na biti 12 au 14. Biti 14 ni ngazi 16,384, ila hazigawanywi sawa: nusu nzima, 8,192, inamezwa na stopu moja ya sehemu angavu kuliko zote (kila stopu ya kushuka ni nuru kupungua nusu). Inayofuata inapata 4,096, kisha 2,048, na ukifika stopu ya sita kwenda gizani zimebaki 256. Kwa biti 12 hapo zimebaki 64. Nyuso zetu chini ya taa za ukumbini zinaangukia huko chini kabisa. Ndiyo maana nasisitiza kupiga ghafi na kuipa picha nuru ya kutosha tangu kwenye kamera, mradi gauni jeupe lisiungue. Anayepiga gizani akitegemea kurekebisha baadaye anamnyima bibi harusi ngazi zake.

Kwenye programu, fungua kwa biti 16 na ubaki humo hadi mwisho. Photoshop ikisema 16, kwa ndani inahesabu ngazi 32,769, nazo zinatosha kabisa. GIMP, ambayo ni ya bure, iliingia kwenye biti nyingi kwa toleo la 2.10 la mwaka 2018, kwa hiyo kijana asiye na hela ya programu hana kizuizi. Kubadili JPEG kuwa biti 16 hakurudishi kilichopotea: maji ya kikombe ukiyamimina kwenye ndoo ni yale yale. Kunasaidia tu marekebisho yanayofuata yasiongeze hasara.

Kipimo changu kingine ni anga. Panda vilima vya Pugu alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, upige kuelekea Dar es Salaam jua likichomoza. Rangi ya chungwa inafifia kuwa njano, njano kuwa bluu ya maziwa. Picha mbovu itachora pete kuzunguka jua. Itazame kwa asilimia 100, kwenye skrini nzuri, kabla ya kuhukumu, kwani skrini duni nayo huchora pete zisizokuwemo kwenye faili. Ukishusha hadi biti 8 kwa ajili ya mteja, ongeza chembechembe kidogo angani. Zinavunja kingo za ngazi. Anga laini mno, lisilo na chembe hata moja, hunitia shaka.

Picha ya pikseli milioni 24 kwa biti 16, ikihifadhiwa TIFF bila kubanwa, inakula megabaiti 144. Ni nzito, na diski zina bei. Mimi mteja nampa JPEG, TIFF nabaki nayo, maana siku atakayotaka picha kubwa ya ukutani nitairudia kazi upya, na shangazi ataisogeza tena dirishani.