Neno la Mwenye Kudhulumiwa na Kosa la Uchochezi

Wakazi wa Kigoma na Ujiji hawahitaji kuelezwa Nguruka iko wapi. Ni kituo cha reli wilayani Uvinza, katika njia ya kwenda Tabora. Oktoba 2018 yalitokea huko mapambano baina ya polisi na wananchi, na watu wakafa, askari wakiwa miongoni mwao. Tarehe 28 mwezi huo Zitto Kabwe, aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Mjini, aliwaambia waandishi wa habari kuwa raia zaidi ya 100 wameuawa. Dola ilikanusha, naye akashitakiwa kwa uchochezi. Tarehe 29 Mei 2020 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani na kumwachia kwa sharti la kutotoa maneno ya uchochezi kwa mwaka mmoja.

Hatuandiki kumtetea mwanasiasa, wala hatusemi kuwa idadi yake ilikuwa sahihi. Tunalohoji ni utaratibu: ikitangazwa kuwa damu imemwagika, kipi kitangulie, kuichunguza damu au kumshitaki msemaji?

Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Allah (S.W.) amebainisha kuwa hapendi uovu utajwe hadharani, kisha akamtoa katika katazo hilo mwenye kudhulumiwa. Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja sababu sita zinazohalalisha kumsengenya mtu, na ya kwanza ni malalamiko ya aliyedhulumiwa. Ama habari yenye shaka, Suratul Hujurat, aya ya 6, inawaamuru wanaofikiwa na habari waihakikishe kabla ya kudhuru watu kwa ujinga. Amri hiyo inamwelekea msikiaji. Na msikiaji mwenye nyenzo za kuchunguza ni serikali, si mvuvi wa Kibirizi wala mfugaji wa Nguruka.

Huenda mtu akauliza: je, mwongo aachwe? Hasha. Sharia imemwekea mwenye kuzulia watu zinaa viboko 80. Lakini tazama mipaka yake: tuhuma ni mahsusi, aliyezuliwa anajulikana, na idadi ya mashahidi imewekwa. Uchochezi, kama ulivyoelezwa katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ni maneno yenye nia ya kuleta chuki, dharau au kutoridhika dhidi ya serikali. Kutoridhika kuna mizani gani? Na anayelalamikiwa ndiye huyo huyo anayeshitaki.

Wenye elimu ya kanuni za nchi nao wameliona hilo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, na pia haki ya kupewa taarifa za matukio muhimu. Tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliamua kuwa vifungu kadhaa vya sheria hiyo, vya uchochezi vikiwemo, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hukumu ya Kisutu ilikuja miezi 14 baadaye. Sheria yenyewe ilirekebishwa mwaka 2023, lakini swali letu linaihusu kila sheria ya namna hiyo, ya jana na ya kesho.

Imamu Malik alipigwa viboko Madina, chini ya gavana Ja'far bin Sulayman, kwa kusimulia kuwa talaka ya kulazimishwa haipiti. Watawala walihofu watu wasije wakasema hivyo hivyo kuhusu kiapo cha utii. Kisha imepokewa kuwa Khalifa alitaka kuwalazimisha Waislamu wote wafuate Muwatta, kitabu cha Malik mwenyewe. Malik akakataa, kwa kuwa kila mji ulikwisha kupata elimu yake kutoka kwa Masahaba.

Aliyeonja viboko kwa ajili ya neno hakukubali neno lake liwe kiboko kwa wengine. Wanaotunga sheria, na wanaotaraji kuzitunga kesho wakishika madaraka, wana funzo hapo. Wallahu a'lam.