Mshono wa Chuma Tukuyu

Mji wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ukungu wa Mlima Rungwe hushuka hata saa sita mchana. Kuunda kenchi za chuma katika hali hiyo kunadai subira, na nawaheshimu sana mafundi wanaoiweza.

Angalia kijiti cha kuchomelea. Kimevikwa unga, na unga huo ukivuta unyevu, moto huyageuza maji kuwa haidrojeni inayopenya kwenye chuma kilichoyeyuka. Mshono huweza kubaki na vitundu. Chuma kinene huweza kupasuka saa nyingi baada ya kupoa, fundi akiwa ameshafunga vifaa vyake. Ndiyo maana fundi makini hutunza vijiti vyake pakavu na kutoa vichache kwa wakati.

Kisha kuna kupinda. Chuma hutanuka kikishika moto, na mshono unapopoa husinyaa ukivuta kila kilichoshikana nao. Fundi hushikiza viungo kwa nukta ndogo, hupima mishazari hadi ilingane, ndipo achomelee kidogo upande huu, kidogo upande wa pili, akiacha joto lishuke. Mshono mnene kupita kiasi hauongezi uimara wa maana. Huongeza joto, na joto huzidisha kupinda. Mhandisi huandika unene wa mshono mchoroni kwa milimita, baada ya kukokotoa nguvu inayopita katika kila nondo ya kenchi. Kwangu, uzuri wa kazi hii uko katika utii huo kwa kipimo.

Mhandisi mmoja wa aina hiyo ni Mcheki František Faltus, aliyezaliwa 1901, aliyejenga maisha yake ya kazi juu ya mshono. Madaraja ya chuma yalipokuwa bado yakifungwa kwa ribiti, yeye, akiwa katika kiwanda cha Škoda mjini Plzeň, alisanifu daraja la kuchomelewa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Baadaye alifundisha wahandisi Prague. Kupinda kunakoletwa na mshono kama huo ndiko kunakopimwa kwa jicho na rula kwenye karakana za Tukuyu.

Basi wewe unayejenga ghala la chai au ukumbi wa kanisa wilayani Rungwe, lipia mchoro wa mhandisi kwanza. Na ukimkuta fundi amesimamisha kazi akingoja mvua ipite, usimharakishe.