Zamu ya Kupokea

Katika ukumbi wa kanisa moja kule Kangemi, hatua chache kutoka Waiyaki Way, kuna meza moja ya mpira wa meza. Jumamosi alasiri hutukuta pale watu wanane au tisa, na kwa kuwa meza ni moja, tunacheza wawili wawili. Siku yangu ya kwanza, mimi na mwenzangu tulibahatika sarafu iliporushwa, nami nikadai papo hapo kuanzisha mpira. Mzee aliyekuwa akituamulia akaniita kando.

"Mwanangu," akasema, "umewapa wenzako kalamu."

Sikumwelewa hadi alipochora mraba nyuma ya stakabadhi ya duka, akaweka jina la kila mmoja wetu kwenye pembe, akaanza kuvuta mishale.

Katika mpira wa meza wa wawili, mwamuzi haruhusu mtu kupiga mara mbili kabla mwenzake hajapiga. Kila pigo lina mwenyewe. Mpira wangu unaupokea mpinzani mmoja, yuleyule, gemu nzima, na wa mwenzake ndio unaonijia mimi. Kwa hiyo ukiwa na watu wanne mezani, ipo mipango miwili tu: nimpigie huyu na kupokea kwa yule, au kinyume chake. Basi nani huamua? Wanaoanzisha humtaja kwanza mwanzishaji wao. Wapinzani, wakishamwona amesimama na mpira mkononi, ndio hutaja nani atampokea. Neno la mwisho ni la anayepokea. Hiyo ndiyo kalamu niliyoitoa bure.

Tangu siku ile nimeuheshimu ufundi wa kupanga zamu kuliko pigo lolote. Mzee aliujua vizuri. Alijifunza mchezo huu enzi za gemu ya alama 21, kabla ya mwaka 2001 ilipopunguzwa ikawa 11, na kichwani mwake mishale ile ilikuwa imekwisha chorwa kabla hajashika karatasi. Aliwatazama wachezaji miguu kuliko mikono. Huyu hurudi nyuma polepole; huyu hupenda mpira wa karibu na wavu; huyu ni mashoto, akipangwa na mtu wa mkono wa kulia hawatagongana wakipishana. Mtu anaweza kuwa bingwa wa pigo, akapangiwa mpinzani ambaye mpira wake haumkai kabisa, akaonekana mwanagenzi mchana kutwa.

Gemu ya pili ikianza, mpango unapinduka: yule niliyekuwa nikimpigia sasa ndiye anayenipigia. Ya tatu inarudi kama ya kwanza, ya nne kama ya pili. Na mkifika ya tano, upande mmoja ukipata alama 5 mnabadilishana pande za meza, na wanaofuata kupokea wanabadilisha mpokeaji. Waliotunga kanuni hii walikataa mtu yeyote ajifiche. Ulichomwachia mwenzako katika gemu ya kwanza kitakufikia.

Kiswahili kina neno zamu kwa mambo haya, na kwangu ni neno zuri sana. Mabaharia wa jahazi wana zamu, walinzi wa usiku wana zamu, na hapa Nairobi hata maji ya mfereji yana zamu yake, mtaa huu Jumanne, mtaa ule Ijumaa. Zamu ni haki yako, na papo hapo ni mzigo wako.

Kwenye tenisi mpango una sura nyingine, na jua limo ndani yake. Wawili huamua mwanzo wa kila seti nani kati yao atatangulia kuanzisha, na mpango huo hukaa hadi seti iishe. Kwa kuwa pande hubadilishwa baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, ukihesabu vizuri utaona kwamba kila mchezaji huanzisha kutoka upande uleule wa uwanja seti nzima. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta. Mwezi Julai jua la adhuhuri huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini. Basi kwenye uwanja uliolazwa kaskazini kwa kusini, anayetangulia Julai akielekea kaskazini amejitwika jua machoni kila arushapo mpira, na amemwepushia mwenzake. Uamuzi huo huchukua sekunde tatu, na wengi huufanya bila kutazama juu.

Julai 2022 Angella Okutoyi, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili, Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la vijana. Waliwashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada 3-6, 6-4, 11-9. Hiyo 11-9 ni taibreka ya kufikia 10 inayochezwa badala ya seti ya tatu, na kabla yake kanuni za tenisi huwapa wachezaji dakika mbili na ruhusa ya kupanga upya: nani atangulie kuanzisha, nani apokee upande wa kulia. Nimezifikiria mara nyingi dakika mbili hizo, wasichana wawili wa nchi mbili wakiwa na swali hilo mbele yao.

Badminton haina mashauri mengi. Alama zenu zikiwa shufwa, mnaanzisha kutoka kulia. Zikiwa witiri, kutoka kushoto. Ubao wenyewe unawapanga.

Lakini michezo yote mitatu ina huruma moja. Mtu akianzisha isipokuwa zamu yake, kosa hurekebishwa likigunduliwa, na alama zilizokwisha patikana hazifutwi. Kwenye tenisi, gemu ikiwa imekwisha kabla ya yeyote kugundua, zamu hubaki kama ilivyogeuka. Yaliyopita si ndwele. Mara moja, kosa letu lilipogunduliwa baada ya alama nne, Mzee alituonyesha tu pa kusimama, bila kumuuliza yeyote nani alianza.

Mechi ninayoikumbuka zaidi ilifika gemu ya tano. Safari hii tulikuwa tumechagua kupokea, na mwenzangu, ambaye mkono wake ni mtulivu kuliko wangu, alikubali kumpokea dada mmoja mashoto ambaye mpira wake huchepuka ukigusa meza. Gemu ya kwanza na ya tatu aliubeba yeye mpira ule, sikusikia akilalamika. Ubao uliposoma 5-3, wao wakiwa mbele, Mzee akainua mkono.

"Badilisheni."

Tukazunguka meza. Mwenzangu akarudi nyuma hatua mbili akanipisha. Nikasimama nusu ya kulia, nikainua raketi, nikamtazama yule dada akiuweka mpira kwenye kiganja.