Hodi ya Mshauri

Mgeni akifika nyumbani kwako hupiga hodi. Usipoitika hupiga ya pili, kisha ya tatu, halafu huenda zake, wala hana haki ya kununa. Sijapata maelezo bora zaidi ya kazi ya mshauri nasaha. Mteja ndiye anayekuja kituoni na kukaa kwenye benchi, lakini mazungumzo yakianza, mgeni ni mshauri. Mwenye mawazo ndiye mwenye nyumba. Atafungua akitaka, na pengine siku ya kwanza ataishia kumkaribisha barazani tu.

Jina la kazi yenyewe linapotosha. Ushauri, tena nasaha: maneno mawili, na yote yanaahidi kwamba utaambiwa la kufanya. Ndivyo tulivyozoea. Kungwi humwambia mwari, shekhe huwaambia waumini, mjumbe huwaambia watu wa shina lake. Wa kutuambia hatujawakosa. Mshauri mzuri ni yule ambaye jambo liko mdomoni, naye analimeza. Hata hivyo nasaha ni neno la heshima: anayeijua toba ya nasuha anajua kuwa mzizi wake wa Kiarabu umebeba unyofu, kitu kisichoghushiwa.

Mfikirie mshauri wa Mohoro, mji mdogo kwenye bonde la Mto Rufiji. Ukifungua vitabu vya historia, mji huu utaukuta kwenye habari ya hukumu. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Siku hizi hukumu ya watu wa bonde hili huja kwa sura ya swali: kwa nini hamhami? Liliulizwa tena Aprili 2024, Mto Rufiji ulipofurika na kumeza nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Wengine waliouliza walikuwa wanakula wali wa mpunga wa huko huko.

Walihama, mbona. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwatoa watu bondeni ikawapeleka vijiji vya juu, kwa jina la Operesheni Rufiji. Mashamba hayakuhama. Kwa hiyo msimu ukifika watu hushuka, hupanda kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakakaa huko wakiwinga ndege na kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Maji yanayobomoa nyumba ndiyo yanayoleta rutuba. Mshauri asiyelijua hili atakuwa mpole wa sauti tu, na upole wa sauti hautoshi.

Tuchukue mama mmoja, wa kubuni, aliyepitwa na tarehe yake ya kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kwa lugha ya vituoni huyo ni mtoro, neno tulilolichukua shuleni likaja na fimbo yake. Mhudumu mmoja atamwuliza, “Ulikuwa wapi siku zote hizi?” Mshauri atasema, “Shikamoo, mama. Pole na njia. Umefikaje leo?” Swali la kwanza linataka utetezi. La pili linataka habari, na habari zitakuja taratibu: dungu liko mbali, mtumbwi haukupatikana, nauli ya bodaboda ilikwenda kwenye unga, na vidonge vimefichwa chini ya mkeka kwa sababu mume hajaambiwa. Mpaka hapo mshauri hajashauri chochote. Hajaguna pia, na hili si dogo. Kwetu hukumu haihitaji sentensi; “mh” moja yatosha, au kutupia saa jicho. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mtu apewe nasaha kabla na baada ya kupima, na siri yake itunzwe. Haikuweza kutunga kifungu cha kuguna.

Mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba kumpokea mtu bila masharti ni miongoni mwa mambo yanayomwezesha kubadilika. Mwaka 2006, mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza kuwakabidhi mabibi wa mtaani benchi la kukaa na wenye kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Sisi husema “nina mawazo”, na anayesikia huelewa kwamba hatuzungumzii fikra. Mabibi wale walifundishwa, ndiyo, lakini nadhani kukaa kitako bila haraka walikuwa nako tayari.

Ninachokistahi zaidi ni ugumu wa kufanya kazi hii katika mji mdogo. Mshauri wa Mohoro huteka maji pale pale anapoteka mteja wake, na huenda nyumba yake nayo iliingia maji. Asubuhi amesikia kilio cha mtu, jioni anakutana naye sokoni akinunua perege, na lazima amwulize habari za nyumbani kama vile hazijui. Kutunza siri hapa ni kazi ya macho na miguu, si ya kabati lenye kufuli. Tena kutohukumu si kufumba macho: kuna siku atasikia mtoto anaumizwa, na siku hiyo hawezi kunyamaza. Aseme, lakini bila kumgeuza aliye mbele yake kuwa takataka. Hapo ndipo wengi hushindwa, nami sidhani ningeweza.

Wakulima wa Rufiji wana kilimo cha mlau: maji yakishuka, mahindi na kunde hupandwa kwenye udongo uliobaki na unyevu. Ukiwahi, mbegu inaoza. Ukichelewa, ardhi imekauka. Hakuna kalenda ya ukutani inayokuonyesha siku hiyo. Unashuka shambani, unakanyaga tope, unasikiliza mguu unavyozama. Mshauri naye ana neno lake la kupanda, mara nyingi dogo tu: je, vidonge vingeweza kukaa dunguni? Nani wa kumwambia mume, na lini? Neno hilo lingesemwa dakika ya kwanza lingeoza.

Msomaji, ukivuka Daraja la Mkapa ukafika Mohoro, usiulize kwa nini hawahami. Piga hodi, kisha uliza mpunga wa mwaka huu umefikia wapi.