Lita kwa saa si kila kitu: filta ya mtungi kwa tangi la frontosa

Frontosa wa Kigoma, yule samaki mwenye nundu ya kichwa na mistari saba myeusi ubavuni, hufikia sentimita 30 na zaidi. Hula nyama, hushiba, na choo chake si cha mchezo. Tena hapendi mkondo mkali, kwani kwao ni maji ya kina ya Ziwa Tanganyika. Anayemfuga anatafuta filta inayomudu uchafu mwingi bila kumsukasuka samaki.

Mtihani huo ulimkuta jamaa mmoja wa Dar es Salaam aliyeweka sebuleni tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Kwa hesabu ni lita 540. Ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, maji yenyewe ni kama lita 450. Alibaki na chaguo mbili: Fluval FX6 moja, au Eheim Classic 600, ile ambayo wafugaji wengi bado wanaiita 2217. Boksi la kwanza limeandikwa lita 3,500 kwa saa, la pili lita 1,000. Akanunua Eheim mbili. Wenzake walimshangaa, lakini naona alipiga hesabu vizuri.

Tuanze na hizo namba. Lita 3,500 ni uwezo wa pampu ya FX6 ikiwa haijabanwa na chochote. Fluval wenyewe wanataja lita 2,130 mtungi ukiwa umepangwa. Ile 1,000 ya Eheim nayo ni ya pampu tupu, na hushuka kadiri sponji inavyojaa. Kupima ni rahisi: shika mdomo wa mpira wa kutolea sawasawa na usawa wa maji ya tangi, kinga ndoo ya lita 10, angalia saa. Ikijaa kwa sekunde 36, unapata lita 1,000 kwa saa. Ikichukua dakika nzima, ni 600.

Wapo wanaodhani pampu iliyo chini ya kabati inateseka kupandisha maji mita nzima na zaidi. Sivyo. Mzunguko umefungwa, na uzito wa maji yanayoshuka kwenye mpira mmoja unafuta uzito wa yale yanayopanda kwenye mwingine. Pampu inapambana na msuguano tu: mpira mrefu uliojikunja, koki iliyofunguliwa nusu, sponji iliyoziba. Kata mpira uwe mfupi kadiri inavyowezekana. Utapata maji zaidi bila kuongeza senti.

Mkondo lakini ni nusu ya habari. Kazi ngumu hufanywa na bakteria wanaoishi juu ya vipande vya kauri na sponji ndani ya mtungi, wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Kwa samaki wa Tanganyika kazi hii haina msamaha. Maji ya ziwa lile yana pH inayokaribia 9, na mfugaji hujitahidi kuyaiga. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kinaweza kumuua frontosa. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza ujazo wa midia, yaani hivyo vipande na sponji, ndipo niulize lita kwa saa.

Na hapo Eheim mbili zinapendeza. Kila mtungi unabeba lita 6 za midia, jumla 12. Sehemu ya bakteria ya FX6 ni lita 5.9, ukiacha sponji zinazoizunguka. Tuwe waungwana: katika zile 12, kiasi kitaliwa na sponji na pamba. Hata hivyo bakteria wanabaki na makazi makubwa zaidi, na umeme ni uleule. Eheim moja hula wati 20, mbili 40, na FX6 nayo iko kwenye arobaini na kitu.

Faida kubwa zaidi huonekana siku ya usafi. Mwenye mtungi mmoja akiufungua, amegusa bakteria wake wote kwa mpigo. Mwenye miwili huosha mmoja leo, kwa maji ya tangi lenyewe na si ya bomba yenye klorini, na wa pili anauacha wiki kadhaa ukiendelea na kazi. Impela ya pampu moja ikivunjika, samaki hawabaki bila filta. Wanaosema mitungi miwili ni usumbufu nadhani hawajawahi kubeba FX6 iliyojaa lita 20 za maji kuelekea bafuni.

Kisha kuna umeme kukatika. Mtungi uliofungwa ukisimama, bakteria humaliza hewa iliyobaki ndani, na baada ya saa kadhaa huanza kufa. Ukirudi umeme, yale maji yaliyooza yanamwagwa moja kwa moja kwa samaki. Kama umekatika muda mrefu, fungua mtungi, mwaga, suuza, ndipo uwashe. Betri ya volti 12 ya Ah 100, ukitumia nusu tu ya chaji yake, inaziendesha pampu zote mbili kwa takribani saa 12, upotevu wa inveta ukiwemo. Ukiacha moja tu, unakaribia siku nzima. Chagua inveta ya mawimbi safi, la sivyo pampu hizi hunguruma na kupata moto.

Classic ina kasoro zake. Haina kitufe cha kuvutia maji, kwa hiyo mara ya kwanza unavuta mpira kwa mdomo na huenda ukaonja tangi. FX6 unaijaza maji, unachomeka, inajitoa hewa yenyewe. Na kama tangi lilelile lingekuwa la Tropheus waliojazana, samaki wanaokula mwani siku nzima na kuzoea maji ya miambani yanayochafuka kwa mawimbi, ningechukua FX6 bila kusita. Kwa frontosa, Eheim mbili zinatosha, na kila mdomo wa kunyonyea uvalishwe sponji. Kubadilisha maji kila wiki kunabaki palepale, maana hakuna kati ya filta hizi inayoondoa nitrati.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana impela na oringi za modeli hiyo dukani. Kama hana, nunua ile ambayo vipuri vyake anavyo.